Miguu Mibichi, Vijiti Vikavu

Watu wa Kiganjo walikuwa wakisema kwamba ukilala kwenye kitanda cha Ephantus Kiama, hata ugeuke mara mia, jirani hatajua. Kwa miaka thelathini na mmoja alitengeneza vitanda ndani ya kibanda cha mabati mbele ya nyumba yake hapo Thika, na hakuna hata kimoja kilichowahi kurudishwa kwa sababu kinalia. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, asiyependa maneno. Mteja akimuuliza maswali mengi alimwambia, "Kitanda kitakujibu," kisha akaendelea kupiga randa.

Mwezi wa kumi mwaka jana, Jumanne moja saa nne asubuhi, randa ilimponyoka. Aliinama kuiokota, vidole vya mkono wa kulia vikakataa kufunga. Alijaribu tena, na safari hii akaona sakafu ikimjia usoni. Idah, mkewe, aliyekuwa akianua nguo nje, alisikia kishindo akadhani ni mbao zimeanguka.

Kilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani alikuwa akiburuta mguu wa kulia, na mkono wa upande ule ulimlalia pajani kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Maneno yalirudi, ingawa mengine yalikuja yamechelewa. Mkono haukurudi. Idah alikifunga kibanda kwa kufuli na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso, maana mara mbili alimkuta mumewe amesimama humo ndani akiitazama misumeno ukutani, machozi yakimtiririka upande mmoja wa uso, mwenyewe hana habari.

Kila Alhamisi walikwenda kliniki ya mazoezi ya viungo, kwa dada mmoja aliyeitwa Aketch, mrefu, mcheshi, asiyeogopa wagonjwa wakali. Alimwekea Kiama sahani ya maharagwe na kikombe kitupu.

"Moja moja, mzee. Kwa mkono wa kulia. Weka kwa kikombe."

Haragwe la tano lilimshinda. Akaipiga sahani kwa mkono mzima, maharagwe yakatawanyika hadi chini ya kitanda cha mgonjwa mwingine.

"Nusu ya Thika inalala kwa vitanda vyangu," alisema. "Sasa unanichagulisha maharagwe kama ninapika githeri?"

Idah aliona haya. Lakini Aketch aliinama tu, akayaokota, akayapuliza vumbi.

"Sawa. Maharagwe hutaki. Lakini huo mkono hautaamka kwa kuhurumiwa, mzee wangu. Enda nyumbani, utafute kitu kidogo unachokipenda, ukishike kila siku. Sitaki hata kujua ni nini. Mimi nataka kuona vidole."

Siku tatu nzima Kiama hakushika chochote. Aliketi kwenye benchi nyuma ya nyumba, mahali palipopakana na shamba dogo la kahawa la jirani. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mavuno yamekwisha, na wafanyakazi walikuwa wakipogoa mikahawa. Vitawi vilivyokatwa vilirundikwa kando ya ua vikingoja kubebwa kuwa kuni. Siku ya nne aliegemea mbele akakivuta kimoja. Kilikuwa kimenyooka, unene wa kidole cha mwisho, ganda lake la kijivu likimenyeka na kuonyesha kijani chini yake. Akakinusa. Mtu aliyenusa mbao maisha yake yote hawezi kunusa kijiti halafu akakitupa.

"Idah!" aliita. "Hebu niletee kisu cha jikoni."

"Cha nini?"

"Cha kukata."

Ilimchukua siku tisa kutengeneza kiti kimoja cha urefu wa shubiri. Kisu alikishika kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa umewahi kushika kisu tangu azaliwe. Mkono wa kulia aliufanya jiriwa: aliulaza juu ya goti, akakipachika kijiti katikati ya vidole vilivyokunjamana, na vidole vikashikilia kadiri ya uwezo wao. Kijiti kiliteleza mara ishirini kwa siku. Alijikata mara tatu. Idah alimrudishia ufunguo wa kibanda, naye akaenda kuchukua keekee yake ndogo ya mkono, akaifunga kwenye benchi kwa kamba ili aizungushe kwa mkono mmoja, akatoboa matundu. Kiti kikapata miguu minne, vijiti vya kati vya kuifunga miguu hiyo isiachane, na mgongo wa vijiti vitano. Kikalio alikisuka kwa utepe wa ganda kavu la mgomba. Alipomaliza alikiweka kwenye kizingiti cha dirisha la sebuleni, akakitazama wakati wa chai, wakati wa taarifa ya habari, na tena asubuhi.

Baada ya wiki mbili kiti kilianza kucheza. Ukikigusa kililala upande kama mlevi. Vijiti vilikuwa vimelegea katika matundu yao, na Kiama, ambaye hakuwahi kurudishiwa kitanda, alikigeuza na kukigeuza asijue kosa ni lipi. Akajiambia kosa ni mkono. Akaacha kukitazama.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili Idah alirudi kutoka Ruiru jioni. Kila Jumamosi ya kwanza alikwenda huko, akasema ni chama cha akina mama, na kila mwezi Kiama alijua vizuri chama hicho kina wanachama wawili tu. Hakuwahi kuuliza. Lakini siku hiyo aliona kizingiti cha dirisha ni kitupu.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Nimekipeleka kwa fundi."

"Fundi gani?"

Idah alivua viatu, akavipanga ukutani, ndipo akajibu. "Fundi wa Ruiru. Binti yako."

Kiama alisimama. Kwa mguu wake ule kusimama kulikuwa kazi, na alipomaliza kusimama hasira ilikuwa imeshamchosha. "Umeenda kunitangaza," alisema. "Umempelekea aone vile nimeisha." Akaenda chumbani, na chakula chake kikapoa mezani.

Binti yao aliitwa Warigia, jina la mama yake Kiama. Kwa hiyo alipokuwa mdogo baba yake hakumwita jina, alimwita *maitu*, mama yangu, kama wafanyavyo wazee wa Kikuyu kwa binti aliyepewa jina la mama yao. Alipofika miaka minane alianza kusimama mlangoni mwa kibanda kila akitoka shule, akitazama. Alipofika kumi alijua tupa na patasi kwa majina. Alipofika kumi na mbili aliokota randa akaipitisha juu ya ubao, mara moja, sawasawa, mbele ya wateja wawili, na mmoja akacheka akasema, "Kiama, naona umepata kijana." Kiama aliona uso wake unawaka. Akamnyang'anya ile randa. "Enda usaidie mama yako. Hapa ni mahali pa wanaume."

Hakusimama tena mlangoni. Lakini alipomaliza kidato cha nne alisema anataka kusomea useremala, na baba yake aliposema hapana, alikwenda akaishi kwa mjomba wake na kujiandikisha chuo cha ufundi. Miaka sita iliyopita, akiwa na ishirini na mitatu, alirudi nyumbani akiwa amebeba kazi yake ya mtihani wa mwisho, kigoda cha miguu mitatu. Palikuwa na watu kibandani siku hiyo pia. Kiama alikichukua, akakigeuza juu chini kama fundi afanyavyo, akakipima kwa jicho, akavuta kila mguu. Kisha akakiweka chini.

"Hii ni stuli ya kuku kulalia," alisema.

Watu walicheka. Warigia aliondoka hata bila kunywa chai, akakiacha kigoda palepale. Idah alikiokota akakipeleka jikoni, na kwa miaka sita amekalia hicho akimenya viazi, akipepeta mchele, akivuta ndizi majivuni. Kiama alimwona juu yake kila asubuhi ya Mungu.

Kiti kilirudi baada ya wiki nne, kimefungwa kwa gazeti. Idah alikiweka mezani akaenda zake. Kiama aliacha nusu saa ipite kwa ajili ya heshima yake, kisha akakifungua.

Kilikuwa kimesimama. Akakibonyeza kwa kidole, hakikutikisika. Akakigeuza akakivuta mguu, akavuta kijiti cha kati, akavuta kwa meno, hakikutoka. Miguu mitatu ilikuwa ileile aliyoichonga yeye, na alama ya kisu kilipoteleza ilikuwa bado ipo. Mgongo ulikuwa wake. Vijiti vya kati ndivyo vilivyokuwa vipya, na havikuwa vya rangi moja na miguu: vilikuwa vikavu kabisa, vyeupe kama mifupa. Na mguu mmoja, ule uliokuwa umepasuka kidogo, ulikuwa umebadilishwa na kuwekwa mbichi, ganda lake bado laini.

Alikaa nacho hadi mchana. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi na mbao zilizokaushwa, za kununuliwa, zisizobadilika tena. Vitawi vya mkahawa alivitumia vyote vibichi, kwa hiyo vyote vilikauka, vyote vikapungua, na kijiti kilichopungua hulegea ndani ya tundu. Lakini ukiweka kijiti kilichokwisha kukauka ndani ya mguu mbichi, mguu utakauka ukiwa umekishika, utakibana, na kadiri siku zinavyopita ndivyo utakavyozidi kukibana. Hakuna gundi itakayofua dafu mbele ya hilo.

"*Ngai*, Mungu wangu," alisema peke yake. Kosa halikuwa mkono. Alijikuta akicheka, mdomo umepinda upande.

Jioni hiyo alianika fungu la vijiti juu ya paa la kibanda.

Kilichofuata kilikuwa kitanda. Miguu mibichi, vijiti vikavu. Kilipokamilika alikifunga kwa gazeti lilelile, akakiweka karibu na mkoba wa mkewe, akasema huku akitazama kwingine, "Kama utapitia Ruiru."

"Jumamosi ya kwanza ni mbali."

"Kwani chama hakina mkutano wa dharura?"

Idah alitia leso mdomoni ili asicheke.

Kitanda kilirudi na godoro: kijifuko cha gunia kilichojazwa nyuzi za katani, kimeshonwa pembe zote nne. Kiama akatuma meza. Ikarudi imebandikwa nusu ya ganda la makadamia juu yake, bakuli linalotoshea kabisa. Akatuma kabati. Likarudi mlango mmoja umetolewa na kuwekwa upya, maana ulikuwa unakwaruza, na huo mlango ukamnyima raha siku mbili hadi alipokubali kwamba kweli ulikuwa unakwaruza. Hapakuwa na barua ndani ya magazeti hayo. Hapakuwa na salamu. Simu alikuwa nayo, na binti yake alikuwa nayo, na hakuna aliyempigia mwenzake.

Kufikia mvua za masika alikuwa akiwaagiza watoto wa jirani wamletee maganda ya mjakaranda na vipande vya mwanzi, na majani madogo laini yanayoota kwenye mashina ya mikahawa mizee, ambayo yalifaa kuwa mito ya viti. Kidole gumba cha kulia kilianza kukutana na cha shahada. Aketch alimpa penseli aibane, akaibana; Aketch akaivuta, haikutoka.

"Mzee, huu mkono umeufanya nini?"

"Nimeupa kazi," Kiama alisema.

Kisha akatuma benchi. Idah alirudi nalo kama lilivyokwenda. Kiama aliligeuza pande zote akitafuta kilichobadilishwa.

"Hakufanya kitu?"

"Hakufanya."

"Hakusema kitu?"

"Aliligeuza juu chini, akavuta miguu yote. Akasema, 'Hii rudisha tu.'"

"Aliligeuza?"

"Nimekwambia aliligeuza, baba Warigia. Unataka niapie?"

Alikuwa hajaitwa hivyo nyumbani mwake kwa miaka sita. Akalichukua lile benchi, akaliweka dirishani, na siku hiyo alitembea hadi barabarani na kurudi bila fimbo.

Mwezi wa sita mzigo uliotoka Ruiru haukuwa na kitu chake. Ndani ya gazeti kulikuwa na kiti cha kubembea ambacho hakukitengeneza yeye. Kazi ilikuwa safi, mgongo umepindwa vizuri, mikono ya kiti imesuguliwa kwa msasa hadi inang'aa. Lakini ukikisukuma kilibembea mara moja kisha kikajipinda kando na kusimama. Idah alisema tu, "Ametuma. Anauliza kama unaweza kuona."

Kiama aliona papo hapo. Zile mbao mbili za chini zilizopindwa, ambazo kiti hubembea juu yake, zilikuwa zimetoka katika matawi mawili tofauti. Jicho halikuweza kuona tofauti yake, lakini sakafu iliiona. Dawa yake ni moja: utafute tawi moja lililojipinda lenyewe, ulipasue katikati kwa urefu, upate pande mbili zinazofanana kama pacha. Alizunguka ua siku mbili hadi akapata tawi la mkahawa lililopindika kama upinde. Akaliegemeza ukutani, akalikanyaga, akaweka patasi. Lilimponyoka. Akapata jingine, mpasuko ukakimbia kando likakatika. La tatu vilevile.

Akaketi. Alijua kwamba angeweza kumwambia Idah ashike. Idah angeshika. Akalitafuta la nne, lakini si ili Idah alishike.

Kesho yake asubuhi aliomba nafasi kwenye pikapu ya Jared, jirani aliyekuwa akipeleka mayai Ruiru mara mbili kwa wiki. Alivaa koti la kanisani. Tawi alilibeba ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kile kiti.

"Niende na wewe?" Idah aliuliza langoni.

"Hapana," alisema, kisha akaongeza, "Niombee."

Karakana ilikuwa nyuma ya soko la Ruiru, mabati kama kibanda chake mwenyewe lakini pana mara tatu. Mlangoni mwanamke wa makamo alikuwa ameinamia cherehani akishona kitambaa cha sofa. Huyo alikuwa Nelima, mtu wa Bungoma, mwenzake Warigia katika kazi ile. Aliinua macho, akaona koti, akaona mfuko, akaona mkono uliokunjwa kifuani.

"Wewe ndiye baba wa viti," alisema.

"Ndiye mimi."

"Ingia, mzee. Ingia." Akageuka akapaza sauti, "Warigia! Zima mashine!"

Mlio wa mashine ukafa. Warigia akatoka nyuma ya mbao zilizosimamishwa, miwani ya kazi juu ya paji la uso, vumbi la mbao kwenye kope. Alikuwa na mabega mapana. Kiama hakuwa amelifikiria hilo, kwamba angekuwa na mabega yake.

"Baba."

"Eee."

Wakatazamana.

"Umekujaje?"

"Na pikapu ya Jared. Mimi na mayai."

Mdomo wa Warigia ulitikisika kidogo, ukatulia. Kiama akatoa kile kiti mfukoni, akakiweka juu ya meza ya kazi, maana hilo alijua kulisema.

"Hii miguu yako ya kubembea inapigana. Mmoja unaenda huku, mwingine kule. Ulitoa kwa matawi mawili."

"Nilitafuta mawili yanayofanana. Nilitafuta wiki nzima."

"Hakuna matawi yanafanana. Unatafuta moja, unapasua." Akatoa lile tawi lililopinda. "Nimejaribu nyumbani mara tatu. Hii kazi inataka mikono miwili. Mimi niko na mmoja na nusu."

Warigia alilichukua tawi, akalipitisha machoni. "Nitalifunga kwa jiriwa."

"Jiriwa italiponda, ni mbichi. Halafu jiriwa haisikii mpasuko ukianza kukimbia. Nitashika mimi."

"Na mkono gani?"

"Huu."

Alilaza mkono wa kulia juu ya meza, akalipachika tawi humo, na kwa mkono wa kushoto akavifunga vidole kimoja kimoja. Nelima aliacha kushona. Warigia alishika patasi na nyundo ya mti akasimama nazo.

"Baba, nikikosea nakukata."

"Piga."

Alipiga kidogo. Tawi likafunguka kwenye ncha. Akapiga tena, mpasuko ukateremka kiasi cha inchi mbili, ukaanza kuhamia upande mmoja. Kiama aliusikia ndani ya kiganja kabla jicho halijauona. Ulikuwa kama mshipa unaotembea.

"Unakimbilia kwako. Ngoja." Akajaribu kulipinda tawi kwa upande ulio mnene, kwa vidole vile vilivyoshindwa na maharagwe. Jasho likamtoka. Tawi likapinda kidogo, kidogo sana. "Sasa. Piga polepole. Tena. Tena."

Likapasuka hadi mwisho, pande mbili zikalala mezani. Warigia akazishikanisha, akazitenganisha, akaweka moja juu ya nyingine. Hapakuwa na tofauti hata ya unywele.

Kiama aliendelea kutazama meza. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na sasa yalikuja bila mpangilio.

"Ile stuli," alisema.

Warigia akaziweka chini zile pande mbili.

"Ile stuli niliigeuza nikitafuta kosa. Niliivuta mguu. Niliangalia kila mahali. Haikuwa na kosa." Akapumua. "Watu walikuwa hapo. Nikakosa kosa, nikalitengeneza."

Sauti za soko nyuma ya mabati ziliingia zote, mwanamke akiuza omena, mtu akicheka. Warigia alivua miwani kichwani akaiweka chini.

"Nilijua," alisema. "Niliipima mara mia kabla nilete. Nilijua haina kosa. Lakini mwaka mzima wa kwanza, kila kitu nilitengeneza nilikuwa nakigeuza, naona kuku." Akaipangusa meza kwa kiganja. "Bado niko na hasira, baba. Sio kwamba nimekwisha."

"Kaa nayo," Kiama alisema. "Mimi siendi mahali, *maitu*. Jared anarudi saa kumi."

Hapo ndipo Warigia alipocheka, na kulia pia, vumbi la mbao likafanya matope kwenye mashavu. Nelima aliinuka akaenda kuwasha jiko la chai bila kuambiwa. Saa kumi ilipofika kiti kilikuwa kimevalishwa miguu yake mipya, na walikuwa wakikisukuma kwa zamu, kwa kidole, kuona nani atakifanya kibembee zaidi.

Tangu siku hiyo Kiama huenda Ruiru Jumanne na Ijumaa. Wamegombana mara nyingi. Mara moja juu ya gundi hawakusemeshana hadi jioni, lakini zamu yake iliyofuata ilipofika alienda. Mwalimu mmoja wa chekechea kutoka Murera, aliyekuja kuagiza rafu, aliona vile vitu vidogo vimepangwa dirishani akaomba nyumba nzima kwa ajili ya watoto wake kuchezea: jikoni, sebule, vyumba viwili. Kiama aliwatengenezea hata kijiko cha mwanzi. Watoto walivunja kabati wiki ya kwanza, naye akafurahi kupata sababu ya kwenda huko.

Baada ya hapo wateja wakaanza kufanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wakiingia kuagiza kiti kikubwa, walikichukua kimoja kidogo kutoka dirishani, wakakigeuza mkononi, wakasema, "Nifanyie kama hii." Kwa hiyo Kiama huchonga kwanza kwa vijiti, wakakaa na mteja wakapunguza hapa na kuongeza pale, kisha Warigia anakijenga kwa ukubwa wake. Shati lake sasa anafunga vifungo mwenyewe, isipokuwa kile cha shingoni. Randa bado haiwezi. Aketch amemwambia labda mwaka ujao, labda kamwe, naye amelipokea hilo kama mtu anavyopokea mvua.

Wiki iliyopita walikuja mume na mke kutoka Kahawa Sukari, waliofunga ndoa karibuni, wakitaka kitanda. Mume alimwona mzee wa mvi ameketi penye mwanga na kisu mkononi, akamwendea moja kwa moja.

"Fundi, tumesikia sifa zako."

"Fundi ni yule," Kiama alisema, akimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa akiburuta ubao kuupeleka kwenye mashine. "Mimi namfanyia vile vidogo. Ongea na yeye."

Kijana akageuka, akasita kidogo, akaenda. Kiama aliwasikia wakizungumza urefu na upana. Kisha Warigia akaita, "Baba, hebu kuja uone hapa, huyu mtu anataka kichwa cha kitanda cha kupinda." Akaweka kisu chini, akaikamata fimbo, akaanza kwenda, mguu wa kulia ukichora mstari kwenye vumbi la mbao.